Siku moja na sato wangu, Bagamoyo

Mi nafuga sato, na kwenye chakula chao natia kitunguu saumu ili wawe na nguvu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishafika bwawani, huku Kiromo. Chakula bado, kwanza naangalia samaki wamekaaje, maana alfajiri ndo oksijeni iko chini kabisa, ule ukijani wa majini umeivuta usiku kucha, sasa ukiwakuta wako juu juu wanahema midomo nje hapo hata uwape kitunguu saumu cha mkoa mzima haisaidii, fungulia maji mapya. Leo wametulia, nashukuru.

Saa mbili na nusu jua limeshapanda, nalisha. Bwawa la kwanza lina sato kama 1,000, kila mmoja gramu 100 hivi, yaani kilo 100 za samaki, nawapa asilimia 3 ya uzito kwa siku ambayo ni kilo 3, nusu asubuhi nusu jioni. Narusha kidogo kidogo nikiwaangalia, wakianza kupoa naacha, kinachobaki kinaoza chini na ugonjwa unaanzia hapo hapo.

Saa nne ndo kazi ninayoipenda, kuchanganya. Chakula chenyewe ni pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya na dagaa wa kusaga, hicho lazima kikae sawa kwanza, protini ifike karibu asilimia 30, viungo haviwezi kuziba pengo la chakula kibovu. Alafu kitunguu saumu, gramu 10 kwa kilo moja ya chakula. Nakitwanga nakiacha dakika kumi hivi, maana ile nguvu yake inayopigana na bakteria haimo kwenye punje nzima, inajitengeneza ukishaiponda, na moto unaiua kwa hiyo usichemshe jamani! Nachanganya na mafuta kidogo ya kula, napakaza kwenye chakula kilichokwisha kukauka, naanika kivulini. Mafuta yanasaidia kisioshwe na maji kabla samaki hajameza.

Mlonge nao nautumia, majani nakausha kivulini nasaga, yana protini kama robo ya uzito wake. Lakini wengi wanazidisha wakidhani ukitia mwingi ndo samaki anakua zaidi. Majani yale yana vitu vinavyomzuia samaki kusaga chakula, mi sivuki asilimia 10 ya chakula, tena nayaloweka kwanza namwaga maji. Hamira ya mandazi pia inafaa, ganda la chembe zake linaamsha kinga ya samaki.

Mchana nikala, nikalala kidogo.

Saa tisa akaja mzee jirani anayefuga kambale, mkononi ana pakiti ya antibayotiki ya kuku. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, eti hii niwatilie kiasi gani, wana vidonda. Nikamwambia baba usitie, hiyo inabaki kwenye nyama, watu wanaila, na bakteria wanaizoea mpaka siku mtoto wa mtu anaumwa dawa haimshiki. Hili linaniuma kweli, maana samaki huyu ndo tunamlisha familia zetu. Tukaenda kwake, maji yananuka, samaki wamebanana. Nikamwambia atoe nusu ya maji arudishe masafi, apunguze samaki, waliokufa awazike mbali, na ampigie afisa uvuvi aje aone vile vidonda. Kitunguu saumu atampa aliye mzima ili awe na nguvu, mgonjwa hata chakula hagusi, sasa dawa iliyo kwenye chakula itamfikiaje.

Saa kumi na moja jioni nalisha mara ya pili, alafu navuta wavu napima wachache. Bwawa la pili lina idadi ile ile na chakula kile kile ila bila kitunguu, nafanya makusudi, bila hivyo utajuaje kilichokuza samaki ni kitunguu au ni joto tu? Mpaka sasa kwa uzito wanakaribiana sana, ila la kwanza wanakimbilia chakula haraka zaidi. Naandika yote kwenye daftari, na nitaendelea kuyapima hayo mawili mpaka siku ya kuvuna.