Unasoma au unaandika?

Nimeamka saa kumi alfajiri na sauti ya Mzee wa Seva, anayesimamia seva ya ofisi yetu, bado iko masikioni. Leo siku ya nne.

Alhamisi nilimfuata mezani kwake, nikamwamkia, nikamweleza kwamba skripti yangu ya kutengeneza maelezo ya jemu za Ruby (vifurushi vya msimbo ulio tayari kwa lugha hiyo ya programu) inagoma kwenye seva ya ofisi, hivyo naomba anifungulie folda la jemu niweze kuandika humo. Hakuinua macho.

"Mwanangu, unataka kusoma au kuandika?"

"Kusoma, Mzee."

"Sasa mbona unaomba ruhusa ya kuandika?"

Vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo walikuwa pale wanachaji simu. Mmoja akaguna. Nikasema haya, asante Mzee, nikarudi kwenye kiti changu uso unaniwaka.

Ijumaa tukakabidhi mfumo wa malipo, jana sendoff ya mdogo wangu ikapita salama, na kote huko nilikuwa natunga majibu. MC anaita upande wa bibi harusi usogee mbele, mimi namjibu Mzee kichwani: si mimi ninayetaka kuandika, ni chombo! Ukiita yardoc, amri ya YARD, kile chombo cha kutengeneza maelezo ya msimbo wa Ruby, inasoma maelezo yaliyo ndani ya msimbo, inayakusanya kwenye folda liitwalo .yardoc, na folda hilo inaliweka pale pale uliposimama. Skripti yangu ilikuwa inaingia kwenye folda la kila jemu na kuiita humo. Kwenye kompyuta yangu haikuwahi kukataliwa, kwa sababu kila kitu mle ni changu. Kwenye seva, jemu ni nakala moja ya timu nne, na imefungwa isomwe tu.

Na sababu ya kuifunga naijua. Mnaokumbuka mwaka jana, yule aliyerekebisha mstari mmoja ndani ya jemu "kwa muda tu", mifumo ya timu mbili ikalala hadi usiku. Nililalamika hapa hapa. Halafu Alhamisi nikaenda kuomba kitu kile kile.

Kusoma au kuandika? Kusoma, Mzee.

Usiku, kabla hata sijavua sare ya kitenge, nikafungua msimbo wa YARD wenyewe. Miaka yote naitumia, sikuwahi kuchungulia ndani. Kumbe amri yake ya yard gems haiendi kama nilivyokuwa naenda mimi. Inauliza kwanza: folda la jemu hii linaandikika? Kama ndiyo, inaweka .yardoc humo. Kama siyo, inarudi nyumbani kwa mtumiaji, kwenye ~/.yard/gem_index, na kuiweka huko kwa jina la jemu pamoja na toleo lake, ili matoleo mawili yasigongane. Wakati wa kusoma inatafuta kote kuwili. Na yardoc yenyewe ukiipa -b, unaiambia kumbukumbu ziwekwe wapi. Lugha ya Python nayo ina njia ya namna hiyo: tangu toleo la 3.8, mwaka 2019, unaweza kuiagiza mafaili ya __pycache__, yaani nakala za msimbo ilizokwisha kuzitafsiri, iyapeleke mahali pengine kabisa.

Nikafuta kile kitanzi cha kuingia kila folda, nikabakiza amri moja, nikaijaribu kwenye seva. Kimya, halafu majina ya jemu yakaanza kushuka. Nikawasha yard server --gems, inayoonyesha maelezo hayo kwenye kivinjari, nikafungua mlango (port) 8808: zote zipo, na upande wa jemu hakuna faili hata moja lililoguswa. Nilikaa naitazama ile orodha kwa furaha ambayo sikuwa nayo hata ukumbini, mdogo wangu anisamehe.

Sasa nalisikia swali lake kwa namna nyingine. Huenda alikuwa ananionyesha njia, kwa maneno machache kama kawaida yake. Lakini angeinua macho tu. Hilo bado linaniuma, na kesho sijui nianze kwa kumshukuru au nimwambie hilo kwanza.

Nikiwa naandika haya nimevuta daftari la mwanangu nione kazi ya Ijumaa. Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Anasogea hadi ubaoni ndipo asome." Tarehe ni ya wiki mbili zilizopita. Na mimi kila jioni nimekuwa nikimkaripia arudi nyuma asiikaribie televisheni.