Ngogo, ndala na chupa ya chai: nilivyoacha kuchomwa

Nianze na shemeji yangu wa Tanga, maana ndiye aliyeniponza. Nilipopata kazi ya kutunza samaki wa mapambo hapa Kigoma nilimpigia simu kwa furaha, nikamwambia nimeachana na kukaangwa na jua pale Kibirizi nikiuza dagaa, sasa nafanya kazi ya ndani, kwenye matangi. Akacheka. "Shemeji, hao wa maji baridi ni wa kuchezea watoto. Huku kwetu ukikanyaga vibaya unalala wiki nzima. Samaki wa ziwani hana sumu." Mtu amevua tasi kwenye matumbawe miaka yote hiyo, miiba ya tasi anaijua kwa kidole chake mwenyewe. Nikamwamini.

Wiki ya pili kazini nikakutana na ngogo.

Jina lake linabadilika ukihama mwalo, wengine wanamwita gogogo, mimi nitamwita ngogo ndivyo nilivyozoea. Ni kambale mdogo, wengine hawazidi kidole cha kati, wana madoadoa meusi na masharubu, na ukimshika analia kabisa, krii krii, kwa kusugua shina la mwiba wake kwenye tundu la bega. Wanaishi kwenye majabali ya ufukweni, huko wazamiaji wanakowatoa mmoja mmoja. Ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, miwili ubavuni, nyuma tu ya kichwa. Akiogopa anaisimamisha yote mitatu na kuifunga, hata ukiisukuma hailali. Kitaalamu jina la ukoo wake ni Synodontis. Kwa jina lolote, alijinasa kwenye wavu wangu wa mkono, mimi nikamvuta kama ninavyomvuta dagaa.

Mwiba uliingia kwenye shina la kidole gumba. Nilidhani ni mchomo wa kawaida, nikanyonya kidole, nikaendelea na kazi. Dakika moja haikuisha mkono ukaanza kuwaka. Maumivu ya mfupa wa migebuka nayajua, yanakuja yanakaa pale pale. Haya yalipanda. Yalifika kwenye kiwiko, yakafika kwapani, na kidole kikawa kinapwita kama kina moyo wake.

Hapo ndipo walimu walipojitokeza. Mlinzi alisema nichanje kwa wembe damu chafu itoke. Nikakataa. Kijana wa mapokezi akaleta barafu kutoka kwenye friji ya soda, nikakitumbukiza kidole, na ninaapa maumivu yaliongezeka, nilitoa sauti ambayo sijaitoa tangu nijifungue. Dereva akaja na mafuta ya taa. Nikapaka, kwa sababu ukishaumwa hivyo hata ukiambiwa upake uji utapaka. Nikabaki na kidole kinachowaka na kinachonuka.

Nikarudi nyumbani. Mama mkwe wangu ametoka Urambo, Tabora, na kwa watu wa Urambo hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa tumbaku. Akatafuna kipande, akakitema kwenye kidole, akafunga na kitambaa cha kanga. Mama mkwe humkatalii, unasema asante mama. Kisha jirani akaleta jiwe la nyoka, lile jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Likanata kweli, watu wakasema "umeona!", tukakaa tunalitazama kama televisheni. Baada ya muda likadondoka lenyewe, na mimi nikiwa vilevile. Nilimpa elfu mbili ya shukrani, sijui ya nini.

Dawa niliipata kwa bahati. Mwanangu wa mwisho alikuwa hajaogeshwa, maji yake yalikuwa kwenye beseni, ya moto kidogo kuliko kawaida kwa sababu akili yangu haikuwepo. Nikazamisha mkono niyapime. Maumivu yakashuka. Sikuamini. Nikautoa mkono, baada ya muda yakaanza kurudi. Nikaurudisha, yakashuka tena. Nikarudia mara tatu kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Mtoto alioga saa tatu usiku siku hiyo, maana beseni nililichukua mimi, nikawa naongeza maji kutoka kwenye birika kila yakipoa. Kama saa nzima hivi. Nilipoutoa mkono mwishoni palibaki pale penye tundu tu, pamevimba.

Kesho yake kwenye zahanati muuguzi alicheka aliposikia habari za jiwe. Alisema sumu ya samaki wa namna hii ni protini, na joto linaiharibu. Ndiyo maana barafu haikunisaidia. Maji yawe ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45 hivi, ukae nusu saa mpaka saa moja na nusu. Na jambo moja ambalo nisingeliwaza: pima maji kwa mkono mzima, usipime kwa ule ulioumia, kwa sababu ulioumia umechanganyikiwa na utajiunguza. Kisha akatoa kipande cha mwiba kilichokuwa kimekatikia ndani, akanidunga sindano ya pepopunda. Hicho kipande kingebaki kingeoza na kidole changu. Kwenye mafuta ya taa, tumbaku na jiwe hakuna aliyekifikiria.

Nikampigia shemeji. Akasema labda ngogo wangu alikuwa ametoka baharini.

Sasa, kupona ni kitu kimoja. Kazi ilikuwa bado, na kwenye kazi hii ngogo ndio wenye bei. Tatizo langu la kwanza lilikuwa wavu. Ile miiba ina meno kama ya msumeno, ikiingia kwenye nyuzi haitoki. Mwanzoni nilikuwa nakata wavu kwa mkasi. Nilikata nyavu nne ndani ya mwezi, bosi akaanza kunikata mimi. Mzamiaji mmoja mzee ndiye aliyenionyesha komeo. Mbele ya mwiba wa mgongoni kuna kijiti kifupi sana, unaweza kukipita bila kukiona. Hicho ndicho kinachoufunga. Ukikifungua kwa ncha ya kalamu, mwiba mkubwa unalala wenyewe, bila ugomvi. Miiba ya ubavuni haina kijiti hicho. Ile huivuti, unaizungusha taratibu kwenye shina mpaka iachie. Mzee alifanya kwa sekunde tano. Mimi ilinichukua siku nyingi na mchomo wa pili.

Lakini ujanja ninaojivunia ni wangu mwenyewe. Niliona kwamba usiku ngogo wanazunguka tangini, na taa ikiwaka wote wanakimbilia shimo. Nikasema, basi niwape shimo langu. Nikaomba kwa fundi bomba mabaki ya bomba la plastiki la inchi mbili, nikakata vipande vya urefu wa kiganja na nusu, nikavilaza chini ya tangi jioni. Asubuhi nikawasha taa, nikasubiri kidogo, nikachungulia: masharubu! Wamejipanga humo kama abiria wa Hiace. Nikaziba ncha zote mbili kwa viganja nikainua.

Ndiyo, kwa viganja. Huo ndio mchomo wa tatu, na huo sina wa kumlaumu.

Siku iliyofuata nilikata ndala yangu ya zamani, iliyokatika kamba, nikatengeneza vizibo viwili vya mviringo. Unaziba huku, unaziba kule, unainua bomba na maji yake, unamimina kwenye beseni. Wavu haujaguswa, samaki hajashtuka, mkono wako mzima. Gharama? Bomba bure, ndala ilikuwa ya kutupa. Bosi alileta mgeni kumwonyesha "mfumo wetu." Wetu!

Kwenye kupakia pia nilijifunza kwa hasara. Mzigo wa kwanza wa ngogo nilioupeleka Dar niliwatia kwenye mifuko ya nailoni ya tabaka moja, maji kidogo, oksijeni, nikafunga mpira. Walitoboa. Mifuko ilifika imenyauka kama maputo ya harusi baada ya harusi. Siku hizi natia mifuko miwili, katikati naweka gazeti lililokunjwa, na ngogo mkubwa namfunga peke yake.

Halafu kulikuwa na ugomvi wa kuwatambua. Ziwa Tanganyika lina aina kama kumi za ngogo wasiopatikana kwingine, na ninyi mnaopita na kusema "wote ni madoadoa" hamkosei sana. Wana madoa meusi, na mapezi yana pembetatu nyeusi yenye ukingo mweupe. Mteja mmoja wa nje aliagiza Synodontis petricola, nikampa. Akarudisha ujumbe mkali kwamba nusu si wao. Nusu walikuwa Synodontis lucipinnis, mdogo zaidi, na tofauti iko kwenye shina la pezi: lucipinnis ana kidirisha cheupe pale pembetatu nyeusi inapoanza, petricola hana. Nilijisikia mjinga, mpaka binti yangu aliyeko chuo akaniambia kwamba hata wataalamu walimtenga lucipinnis na kumpa jina lake mwaka 2006 tu. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa ikimuuza kwa jina la mwenzake. Mwaka huo huo ndipo walipomtaja ngogo mwingine, grandiops, mwenye macho makubwa, ambaye na yeye alikuwa anajificha ndani ya jina la mwenzake, multipunctatus. Tangu siku hiyo natumia tochi na sioni aibu kutazama samaki mmoja dakika mbili.

Huyo multipunctatus ndiye anayeulizwa kuliko wote, na si kwa sura. Ni tapeli. Anawavizia samaki wa jamii ya sikilidi, wale wanaobeba mayai mdomoni, wakati jike anataga na kuyaokota, ngogo anapita katikati anataga ya kwake. Mama wa watu anaokota yote. Vifaranga vya ngogo vinatotolewa mapema, vinakula mayai ya mwenye nyumba humo humo mdomoni mwake. Wateja wanalipa kuona hivyo nyumbani kwao.

Lakini swali lililonikaa ni kwa nini wamefanana hivyo. Binti yangu akanieleza: mtafiti Jeremy Wright aliandika mwaka 2011 kwamba ngogo wa ziwa hili wamevaa sare kwa faida. Samaki mkubwa akimmeza mmoja akachomwa, anaikumbuka ile nguo, na aina nyingine zote zinapona bila kutoa mwiba. Ni kama vizibao vya bodaboda: umegombana na mmoja, unawapisha wote. Baharini, anasema, kuna samaki wadogo wa matumbawe wanaoitwa Meiacanthus, wenye meno mawili ya chini yenye sumu, na huko kuna samaki wengine wasio na sumu yoyote wanaoiga rangi zao wapate kuogopwa. Kwa hiyo matumbaweni kuna waliovaa sare ya kuazima. Ngogo wangu wote wana haki ya kuivaa, nina makovu matatu ya ushahidi.

Wright huyo huyo mwaka 2009 alihesabu kambale wenye sumu duniani: aina zisizopungua 1,250, huenda zaidi ya 1,600. Wengi wao ni wa maji baridi. Kwenye matumbawe anaishi kambale wa aina moja tu, Plotosus lineatus, yule mwenye mistari, ambaye watoto wake wanaogelea wamefungamana kama mpira, na mchomo wake si wa mzaha. Nilimtumia shemeji takwimu hizo zote kwa ujumbe wa sauti, dakika nne. Alijibu: "Sawa shemeji, wasalimie watoto."

Kilichobaki kinanisumbua ni chupa ya chai. Nilimwomba bosi tununue moja ya kuwekea maji ya moto kwenye chumba cha kupakia, kama elfu ishirini na kitu hivi. Akasema hiyo si vifaa vya kazi. Nikanunua kwa pesa yangu. Baada ya wiki mbili bosi mwenyewe aliingiza mkono kwenye beseni la ngogo akimwonyesha mgeni wa Bujumbura jinsi wanavyolia. Alikaa nusu saa kidole kikiwa ndani ya kikombe, hasemi, na jioni akanirudishia pesa yangu yote.

Sasa nimeiandikia kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: SI YA CHAI. Jana asubuhi nimekuta imekauka, na pembeni kuna majani ya chai na mabaki ya chapati. Na mzigo wa petricola sabini ulikuwa unasubiri kupakiwa.