Meli Ikifunga Gati Saa 12 Asubuhi, Ndege ya Nyumbani Iwe ya Saa Ngapi?

Mtu anatazama ratiba ya meli ya kitalii, anaona siku ya mwisho imeandikwa Civitavecchia (bandari ya Roma) 06:00, anajiwekea saa nne za usalama na kukata ndege ya 10:00 kutoka uwanja wa Fiumicino, Roma. Kwenye karatasi hesabu imekaa vizuri. Lakini hiyo saa 12 asubuhi ni saa ambayo meli inafungwa kamba gatini. Wewe kuwa nje, begi mkononi, ni jambo jingine kabisa, na baina ya hayo mawili huweza kupita saa moja au hata nne.

Anayeishi Madrid akikosa ndege ya asubuhi anaweza kupata nyingine mchana. Anayerudi Dar es Salaam, Kigali au Mombasa hana bahati hiyo. Safari yake ina vipande viwili au vitatu, ndege inayofuata huenda ikawa ya kesho, kiti chake kinauzwa kwa bei ya dakika ya mwisho, na viza nayo inahesabu siku. Ndiyo maana ushauri wa jumla unaoandikiwa Wamarekani na Wazungu hautoshi kwetu. Sisi nafasi yetu lazima iwe pana zaidi.

Anza hesabu kwenye saa ya ndege, kisha rudi nyuma. Chukua ndege ya 15:00, yaani saa 9 alasiri. Mashirika mengi hufunga kaunta ya mizigo saa moja kabla ya safari za kimataifa, kwa hiyo 14:00 ni ukuta. Msafiri mwenye pasipoti yetu mara nyingi akijaribu kujiandikisha kwa simu anaambiwa akaonyeshe hati kaunta, hivyo foleni haimkwepi. Mpe saa moja na nusu: awe uwanjani 12:30. Kutoka Civitavecchia hadi Fiumicino ni kama kilomita 65, saa moja kwa gari barabara ikiwa nyeupe. Weka saa moja na nusu, maana asubuhi magari ya kuelekea Roma ni mengi. Sasa uko 11:00 kwenye lango la bandari. Hata ukiwa kundi la mwisho kushuka, saa 3 na nusu au saa 4 asubuhi, unafika umetulia. Fanya hesabu hiyohiyo kwa ndege ya 11:30 utaona inakatika katikati. Kwangu, kutoka Civitavecchia ndege yoyote kabla ya saa 7 mchana ni kamari, na kuanzia saa 9 alasiri ndiyo naiita salama.

Hizo saa za kushuka zinaliwa na nini? Kwanza maofisa wa bandari na uhamiaji lazima waipitishe meli, ndipo mlango ufunguliwe. Wanaobeba mabegi yao wenyewe hutoka mwanzo, mara nyingi kuanzia saa 1 asubuhi. Wengine hupewa vitambulisho vya rangi au namba, begi linaachwa nje ya mlango wa chumba usiku wa mwisho kabla ya saa 4 au saa 5, na asubuhi unasubiri rangi yako iitwe. Ukishuka unaingia ukumbi wa mizigo wenye maelfu ya mabegi sakafuni, yamepangwa kwa rangi, na kila begi la tatu ni jeusi lenye magurudumu manne. Funga kipande cha kitenge kwenye mkono wa begi. Kitakuokolea dakika ishirini. Kitambulisho kikikatika njiani begi hulala kwenye kundi la watu wengine, kwa hiyo andika jina na namba ya chumba kwenye karatasi na uiweke ndani pia. Na usiku huo lipa deni lote la meli. Kadi ikigoma, asubuhi unaitwa mapokezi, na foleni ya huko siku hiyo haina huruma.

Jina la mji kwenye tangazo la safari nalo linahitaji kusomwa kwa makini. “Roma” ni Civitavecchia. “Paris” ni Le Havre, karibu kilomita 200 kutoka mji wenyewe. “London” mara nyingi ni Southampton, zaidi ya kilomita 100 kutoka Heathrow. “Venice” ndiyo inayoumiza wengi: tangu Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita mbele ya San Marco, katikati ya mji, na safari kadhaa zinazouzwa kwa jina hilo huishia Ravenna au Trieste. Kutoka Ravenna hadi Marco Polo, uwanja wa ndege wa Venice, ni saa mbili na zaidi kwa gari. Huenda Bologna ikakufaa kuliko Venice. Florida nako watu huchanganya viwanja. Bandari ya Port Everglades iko ubavuni mwa uwanja wa Fort Lauderdale, dakika chache tu, lakini bandari ya Miami inatumia uwanja wa Miami, kama kilomita 13. Ukikata tiketi ya uwanja usio wako, una karibu kilomita 50 za barabara yenye foleni. Barcelona ni rahisi kuliko zote hizi: bandari na uwanja wa ndege wa El Prat viko karibu.

Kuhusu treni ya Civitavecchia, ni nafuu lakini ina viungo vingi. Basi la bandari linakupeleka hadi kituo cha Largo della Pace, kutoka hapo unatafuta usafiri mwingine hadi stesheni, unapanda treni ya kuelekea Roma, unashuka stesheni ya Trastevere na kubadilisha kuingia treni ya uwanja wa ndege. Watu wawili wenye begi moja moja wanaweza. Familia yenye mabegi sita na mtoto ichukue gari dogo la kukodi lililolipiwa mapema.

Italia ina migomo, na hapa kuna jambo linalofaa kukaririwa. Sheria inataka mgomo wa usafiri utangazwe angalau siku 10 kabla, kwa hiyo wiki mbili kabla ya kurudi anza kutazama. Siku ya mgomo, treni za mkoa hulindwa 06:00 hadi 09:00 na tena 18:00 hadi 21:00, siku za kazi. Ndege hulindwa 07:00 hadi 10:00 na 18:00 hadi 21:00. Angalia sasa: dirisha la asubuhi la treni linafungwa kabla hujafika stesheni, na la ndege linafungwa kabla hujafika uwanjani. Ndege ya kuanzia 18:00 hadi 21:00 ndiyo inayomfaa anayeshuka melini, mgomo uwepo usiwepo. Muda wa mchana unaweza kuutumia kwenye ziara ya kampuni ya meli inayozunguka Roma na kuishia Fiumicino, mabegi yakiwa ndani ya basi.

Tena, kata safari nzima kwa tiketi moja. Roma hadi Doha, Istanbul au Addis Ababa, kisha nyumbani, namba moja ya uhifadhi. Kipande cha kwanza kikichelewa, shirika linakutafutia kingine na begi linafika mwisho wa safari. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa kufuata bei, shirika la pili halikujui. Ukichelewa wewe ndiye uliyekosa kufika, na vipande vilivyobaki hufutwa. Ikiwa meli inaanzia Barcelona na kuishia Roma, tafuta tiketi ya kwenda Barcelona na kurudi kutoka Roma. Usinunue ya kwenda na kurudi Barcelona ukidhani utaunganisha mwenyewe. Meli yenyewe ikichelewa, shirika la ndege halina lawama. Kampuni ya meli nayo kwa kawaida huwashughulikia wale tu walionunua ndege kupitia kwake. Bima pia isome: nyingi zinalipia kuikosa meli wakati wa kwenda, si kuikosa ndege wakati wa kurudi.

Viza ndiyo inayobadilisha kila kitu kwetu. Meli ikitoka Italia ikatia nanga Uturuki au Tunisia kisha ikarudi, umetoka Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na unaingia upya, hivyo viza ya kuingia mara moja haikufai. Unapoomba, weka kwenye ratiba usiku mmoja wa hoteli baada ya meli, ili siku utakazopewa ziutoshe. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Ukipita Heathrow kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi, kubadilisha ndege tu kunahitaji viza ya kupita, isipokuwa una kibali kinachokusamehe, kama viza hai ya Marekani. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huhitaji viza ya kupita hata kwenye viwanja vya Schengen. Doha, Istanbul na Addis Ababa ndiyo njia zisizo na usumbufu huo ukibaki ndani ya uwanja.

Usiku mmoja wa hoteli nauona ni lazima, wala si anasa, katika hali mbili: meli inayorudi Tampa au Galveston, Marekani, majira ya baridi, ambako ukungu hufunga mkondo na meli zikasubiri nje kwa saa nyingi, na meli ya Karibi kati ya Juni 1 na Novemba 30, msimu wa vimbunga.

Soma pia tarehe. Ndege nyingi za kuja kwetu huondoka usiku mkubwa. Tiketi ikisema tarehe 15, 00:55, ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unakwenda tarehe 14 jioni. Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba saa za Ulaya hubadilika, na saa ya meli si lazima iwe saa ya simu yako.

Kujiandikisha kwa mtandao hufunguliwa saa 24 au 48 kabla, nawe uko baharini. Jiandikishe mkiwa bandari ya mwisho kabla ya kurudi, au nunua intaneti ya siku moja, kisha piga picha ya skrini. Chupa ulizonunua melini huletwa usiku wa mwisho: ziende begi kubwa, zimefungwa nguo. Betri ya kuchajia simu ibaki begi la mkononi, pamoja na dawa, nguo za asubuhi na viatu, kwa sababu begi la nje ya mlango hutalifungua tena mpaka ukumbini. Na kama meli ilichukua pasipoti yako siku ya kwanza, ifuate mapokezi kabla ya chakula cha usiku wa mwisho.