Poti ya taipu C ya mbele, pa kuichomeka hamna!

Jamani jana nimekesha mpaka saa nane usiku nahamishia kompyuta yangu kwenye kesi mpya, yaani boksi lake la nje, na kesi yenyewe niliipendea ile poti ya USB taipu C ya mbele, nikajisemea sasa simu naichomeka hapo hapo, habari ya kuinama nyuma ya meza basi. Nafika kwenye waya zake, ule wa taipu C una kichwa kidogo chembamba cha pini 20, namulika tochi kona zote za mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, natafuta soketi yake, wapi! Yangu ya zamani kidogo, ina ile pana ya pini 19 ya USB 3 na mbili za pini 9 za USB 2, kwisha. Na hiyo ya pini 19 ndo inalisha zile poti mbili za bluu za mbele, kwa hiyo nikiweka adapta hapo ili taipu C ifanye kazi, za bluu zinakufa, afu spidi yenyewe haivuki gigabiti 5 kwa sekunde.

Hapo usingizi umenishika, nusura niuchomeke waya wa sauti kwenye soketi ya USB 2 maana zote pini 9, kilichoniokoa ni lile tundu lililozibwa kwenye kichwa cha waya, la sauti na la USB hayako sehemu moja.

Mwisho nikaufunga ule waya wa taipu C kwa kamba ndani huko nikafunika kesi. Poti ipo mbele inang'aa, pambo tu 😂