Kona Hamsini na Saba Wakati wa Maua

Kwa miaka minane nimekuwa nikipanda barabara ya Chimala kwenda Matamba kwa baiskeli, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona ua hata moja. Nalisema hili kwa aibu kidogo, kwa sababu barabara hiyo inakufikisha kwenye uwanda ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na ambao mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kwa ajili ya mimea yake, wala si kwa ajili ya simba na tembo. Lakini sisi waendesha baiskeli wa Mbeya tunakwenda kule mwezi wa saba na wa nane, njia ikiwa kavu, nyasi zikiwa zimekauka hadi kufanana na ganda la mkate, na baridi ya alfajiri ikiwa imegandisha umande juu ya majani. Wakati huo hakuna wa kugombania naye njia isipokuwa malori ya viazi, ambayo unayasikia yakinguruma kona nne kabla hujayaona. Kona zenyewe zimehesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo imekuwa jina la mlima: Hamsini na Saba. Mtu akisema Mbeya kwamba amepanda Hamsini na Saba bila kushuka kwenye baiskeli, anaheshimiwa kwa muda wa wiki nzima.

Kilichonifanya nibadili mwezi ni simu. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari anaishi Almere, Uholanzi, mji uliojengwa juu ya ardhi ambayo zamani ilikuwa chini ya maji, na desturi yake kila jioni ilikuwa kuzunguka ziwa la Weerwater kwa baiskeli. Mwaka 2022 mji wake ukapokea Floriade, maonesho makubwa ya kilimo cha bustani ambayo nchi ile ilikuwa ikiyaandaa mara moja katika kila miaka 10, na kuanzia tarehe 14 Aprili hadi tarehe 9 Oktoba sehemu ya ukingo wa ziwa ikawa nyuma ya uzio, kwa tiketi. Alinieleza kwamba miti ilipandwa kwa mpangilio wa alfabeti, kama majina ya wanafunzi kwenye daftari la mahudhurio, na kwamba vibanda vya kuning'inia kwenye waya vilipitisha watu juu ya vichwa vya wengine. Wageni hawakufika hata nusu ya waliotarajiwa, mji ukabaki na hasara, na baadaye eneo lile likapangiwa kuwa mtaa wa makazi. Alilalamika karibu saa nzima kuhusu njia yake, kisha akaniuliza sisi maonesho yetu ya maua yakoje. Nikamjibu kwamba tunayo Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, ambako maua hukaa kwenye vyungu pembeni mwa banda la mbegu na hakuna anayeyatazama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na Kitulo je? Si huwa unaniringia kwamba unakwenda kila mwaka?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nikaondoka katikati ya Februari. Safari ya basi kutoka Mbeya hadi Chimala haina la kusimulia, isipokuwa kwamba konda alinitoza kwa ajili ya baiskeli kiasi kilichokaribia nauli yangu mwenyewe, na nilipomuuliza sababu akanijibu kwamba baiskeli nayo inakaa. Ilikaa juu ya keria, chini ya turubai, pamoja na kuku. Gesti niliyoizoea, ambayo Agosti nililipa shilingi 15,000, sasa ilikuwa 25,000 kwa chumba kilekile, kitanda kilekile kinachobonyea katikati, na ndoo ileile ya maji ambayo mtu huahidiwa kwamba yatachemshwa. "Ni msimu wa maua, kaka," aliniambia mhudumu, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Nilishangaa kwamba maua yaliyo huko juu mlimani yanaweza kupandisha bei ya godoro huku chini.

Asubuhi nilianza kupanda. Nilichokizoea katika kona zile ni kusikia pumzi zangu tu na mnyororo. Safari hii nilipishana na Noah, nikapishana na Land Cruiser, kisha nikapitwa na Coaster mbili zilizojaa watu waliovaa fulana za rangi moja, wakiimba. Kila gari lilipiga honi kabla ya kona, na mlima ukairudisha honi hiyo mara mbili. Nilikuwa nikihesabu kona kama ilivyo kawaida, lakini kwenye ya 19 Coaster mojawapo ilikuwa imesimama katikati ya njia ili abiria wapige picha, nami nikalazimika kushuka. Nilikasirika sana. Mtu akishuka kwenye Hamsini na Saba hawezi kusema tena kwamba ameipanda, hata kama sababu ni Coaster. Dada mmoja aliniomba niwapige picha wote kwa pamoja, nikawapiga, na alipoirudisha simu mfukoni akaniuliza kama baiskeli nimelazimishwa na mtu.

Hata hivyo nikiri kwamba kwa kuwa nilisimama, niligeuka nyuma, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa kwenye pedali. Agosti, uwanda wa Usangu ulioko chini huonekana kama mkeka wa zamani uliotupwa juani. Sasa ulikuwa kijani hadi macho yanapokomea, mashamba ya mpunga yaking'aa kwa maji yaliyotuama kwenye majaruba. Maji hayo yanatoka huku juu tulikokuwa tukielekea: yanateremka kwenye miteremko hii, yanaingia Usangu, yanakuwa Ruaha Mkuu, na mwisho yanafika kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Ndiyo mvua hiyohiyo niliyokuwa naikwepa kwa miaka minane.

Niliipata vizuri baada ya kuipita Matamba. Huko juu, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, udongo ni mweusi na laini, wa asili ya volkano, na ukilowa unanata kama ugali uliokosa moto. Mwendo wa nusu saa ulitosha kunimaliza. Tope lilijaa kati ya tairi na madigadi, likafunga breki, likaingia kwenye gia, na mwisho magurudumu yakakataa kuzunguka kabisa. Nikaliondoa kwa vidole, nikaendesha hatua kama 20, likajaa tena. Magari yaliyotangulia yalikuwa yamefanya lile ambalo madereva wote hufanya: njia ilipoharibika yalitoka na kupita kwenye nyasi, na nyasi zilipoharibika yakasogea mbele zaidi, hivi kwamba njia niliyoijua ikiwa nyembamba kama mshipi sasa ilikuwa pana kama uwanja wa mpira, yote ikiwa mitaro ya tope. Nikawalaani kwa sauti. Kisha nikaibeba baiskeli begani, nikatoka njiani kama wao, nikatembea kwenye nyasi hadi nilipochoka, nikaitupa chini na kukaa kando yake.

Hapo ndipo alipotokea bibi mmoja, akiwa amevaa mabuti ya mvua, amejifunga blanketi mabegani, na kichwani amebeba kiroba kitupu kilichokunjwa kama kata. Nikaamka kumpa heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huo mzigo unampelekea nani?"

"Si mzigo, bibi. Ni baiskeli."

"Baiskeli naijua. Nilikuona tangu kule kilimani. Nilidhani baiskeli hupandwa na mtu, kumbe siku hizi ndiyo inayompanda."

Tukacheka wote wawili. Alikuwa ametoka kuuza viazi na anarudi nyumbani, na mimi kwa ujinga nikamuuliza kama maua yamempendeza. Akaniambia kwamba maua yapo tangu azaliwe. Wageni ndio wapya. Kisha akaitazama baiskeli yangu pale ilipolala, akasema kwa upole uleule, "Ila hapo ulipoitupa ndipo penyewe."

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesimama muda wote bila kuona, kwa sababu nilitarajia maua yatakayosimama mbele yangu na kunizuia, kama ya kwenye kadi za harusi. Haya yalikuwa mafupi, yamejificha kati ya majani, na ilikubidi uchuchumae. Chini ya usukani kulikuwa na okidi tatu au nne za rangi ya zambarau iliyopauka, kila moja ikiwa na vikofia vidogo vilivyopangana kwenye bua kama watoto kwenye foleni. Mbili zilikuwa zimevunjika shingo. Upande wa gurudumu la nyuma kulikuwa na maua ya njano yanayofanana na alizeti ya mtoto. Nikainyanyua baiskeli haraka, na katika kuinyanyua nikakanyaga lingine.

Bibi hakunigombeza. Alichuchumaa, akalishika bua lililovunjika, akaniambia kwamba zamani yeye mwenyewe aliyachimba kwa magunia. Chini ya okidi hizi kuna viazi viwili vidogo, kimoja kikuukuu na legevu, kingine kichanga na kigumu. Kile kigumu ndicho chikanda. Wanunuzi walikuja kutoka upande wa Tunduma, na mzigo ukavuka hadi Zambia, ambako hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizosagwa na kupikwa hadi kuwa kitu kama mkate unaokatwa vipande. Debe la chikanda, alisema, lilimpa fedha ambazo viazi mviringo havikuwahi kumpa. Lakini ukichukua kile kichanga umechukua mwaka kesho, kwa sababu kile kikuukuu kimekwisha kazi yake. "Tulijua," alisema. "Tulijua, lakini ada ya shule haikujua." Sasa hachimbi, kwa kuwa hifadhi ni hifadhi, na wajukuu wake wawili wanapata vibarua vya kusindikiza wageni msimu huu. Alichomoa kijiti kwenye mkunjo wa kiroba chake, akanifundisha jinsi ya kuliondoa tope kati ya breki na tairi kwa kukizungusha badala ya kukivuta, kisha akaenda zake bila kugeuka.

Niliutumia muda uliobaki wa siku ile nikisukuma baiskeli kwenye njia, katikati ya tope, sikutoka tena pembeni. Wataalamu wanasema katika kilomita za mraba 412 za hifadhi ile kuna aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Mimi niliweza kutofautisha kama 12 kwa rangi tu, na sikujua jina hata la moja. Nilijua chikanda, nalo ni jina la chakula. Watu wa Coaster niliwakuta mbele wakiwa wamechuchumaa wote, kimya, yule dada wa kona ya 19 akiwa amelala kifudifudi kabisa na fulana yake ya rangi ili kupiga picha ya ua lisilozidi kidole. Tandawala mmoja, ndege mkubwa wa nyikani, alikuwa akitembea mbali kidogo nao, kwa mwendo wa mwalimu mkuu. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu baiskeli.

Nikiwa nasukuma nilikumbuka nyumbani kwetu Mwanjelwa. Mama alipanda maua kwenye makopo ya rangi, akayapanga kando ya ukuta, na kosa kubwa kuliko yote ya utotoni lilikuwa kuyapiga mpira. Nililivunja moja nikiwa darasa la tatu, nikalichomeka tena kwenye udongo likiwa limesimama vizuri, na lilikaa siku mbili kabla hajagundua. Okidi zile mbili nilizisimamisha pia, kwa kuegemeza bua kwenye nyasi. Sijui kwa nini. Mikono ilifanya yenyewe.

Usiku, Matamba hakukuwa na chumba. Nililala sebuleni kwa mtu, kwenye kochi, kwa shilingi 20,000 pamoja na sahani ya viazi na chai, na baridi ilipita kwenye blanketi mbili kana kwamba hazipo. Wageni wengine watatu walilala sakafuni kwa bei hiyohiyo, na mmoja wao alikoroma hadi alfajiri. Niliandika ujumbe kwa rafiki yangu wa Almere kumweleza kwamba kwetu uzio haukuwekwa na mtu, ila mvua, na kwamba mimi ndiye nilikuwa upande usiofaa wa uzio huo. Akanijibu kwa kuniuliza kama nilipiga picha. Sikupiga hata moja. Mikono ilikuwa na tope.

Kushuka kona zote 57 na breki zilizojaa udongo ni jambo ambalo silitamani kulirudia. Nilishuka nikitembea, baiskeli mkononi, nikizipisha Noah zinazopanda. Chimala niliipeleka kwa fundi mmoja chini ya mwembe, ambaye aliitazama baiskeli kwa muda mrefu kabla ya kuigusa. Alifungua mnyororo, akachokonoa gia kwa spoku iliyochongwa ncha, na kutoka ndani likatoka donge jeusi lililochanganyika na majani na kipande cha ua la njano, ambacho alikifuta kwenye suruali yake bila kukitazama. Alinitoza shilingi 7,000. Nilipolalamika kwamba mwezi wa nane hunitoza 2,000, akanijibu kwamba mwezi wa nane naleta baiskeli, na leo nimeleta shamba.