Neno moja la penseli

Jumatano pendekezo langu la utafiti limepita, Alhamisi theluji ya kwanza imeanguka hapa Uppsala, na yote mawili yamenipita kama gari la watu wengine. Mimi bado niko Jumanne jioni, darasa la Kiswidi, na karatasi ya insha mkononi.

Tuliambiwa tuandike kuhusu familia. Niliandika: *Varje morgon säljer min mamma vitumbua i Tanga.* Kila asubuhi mama yangu anauza vitumbua Tanga. Nilijivunia sentensi ile. Kiswidi kinataka kitenzi kikae nafasi ya pili, kwa hiyo ukianza na "kila asubuhi" kuuza kunamtangulia mama, na mimi kosa hilo limenisumbua tangu Septemba. Safari hii nilipatia. Mwalimu hakugusa kitenzi. Alikata *mamma* kwa penseli, na juu yake akaandika *moster*, mama mdogo.

Alipofika mezani kwangu aliinama, akasema polepole nisipitwe: "Ulituambia mama yako alifariki ukiwa mdogo. Huyu ni moster wako. *På svenska skiljer vi på dem.*" Kwa Kiswidi tunawatofautisha.

Nikajibu, "*Tack.*" Asante.

Tangu hapo nimemjibu upya mara ngapi sijui. Nikiwa kwenye baiskeli kando ya mto Fyrisån nimemwambia: hata Kiswahili kinatofautisha, mwalimu. Nikiosha vyombo nimemwambia: aliyenibeba mgongoni nikiwa na homa simwiti kwa mstari wa ukoo, namwita mama. Usiku nimeyapanga yote kwa Kiswidi, na vitenzi vyake mahali pake. Lakini pale mezani lilitoka neno moja tu, tena la shukrani.

Nadhani najua lililonifunga mdomo. Mwalimu ana umri wa shangazi yangu, na hapa kila mtu anaitwa *du*, yaani wewe, profesa na mwanafunzi sawasawa. Wametusimulia kuwa mambo yaligeuka miaka ya 1960, na kwamba mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu mpya wa idara ya tiba, aliwatangazia wafanyakazi wake kuwa atawaita *du* wote. Sawa, nasi pia "wewe" ni ya kila mtu. Ila kwetu inatanguliwa na shikamoo, na ukishaitikiwa marahaba umepewa mlango wa kusema hata jambo zito. Hapa sijui mlango wa kumpinga mtu mzima uko wapi. Nikabaki nje.

Kinachouma zaidi ni kwamba somo la ukoo ndilo nililolipenda kuliko yote. Wenzangu walichora miti na mishale kukariri *moster*, *faster*, *morbror*, *farbror*. Mimi nilikaa tu nikiwapokea kama wageni ninaowajua: mama mdogo, shangazi, mjomba, baba mdogo. Niliona lugha hii ina watu wa kwetu ndani. Kumbe neno lile lile ndilo lingekuja kumtoa mama kwenye sentensi yangu. Mwenzangu mmoja alitaka kunisaidia, akasema niandike *bonusmamma*, kama wanavyomwita mke wa baba. Alikusudia wema. Lakini yule si nyongeza ya mtu.

Leo mchana nilikwenda maktaba ya Carolina Rediviva, nikafungua kamusi kubwa ya Svenska Akademien, ile iliyoanza kuchapishwa 1893 ikakamilika 2023. Nilitaka tu kuona wanasemaje. *Moster* ni maneno mawili yaliyobanana kwa kusemwa haraka karne nyingi: *moder* na *syster*. Mama, dada. Nilikaa pale mpaka madirisha yakawa meusi, na saa kumi ilikuwa haijafika.

Nilimpigia mama. Kwao ilikuwa imeshapita Isha. Baada ya shikamoo nikamweleza yote, penseli na kamusi. Akalijaribu neno. "Mosta," akasema. Kisha kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo hapo mama ni dada yangu," akasema, "na dada ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Basi tumo wote wawili. Mwache mwalimu wa watu."

Nililia kidogo, kilio cha kupumzika. Nimeitoa karatasi mkobani, nikaibandika ukutani juu ya kitanda, neno la penseli likionekana. Insha inayofuata nitaandika *mamma* tena, na akiuliza nitamweleza. Nimeshaandaa sentensi.

Kabla ya kukata simu mama alisema mnazi wa nyuma umeanza kuinamia bati la jirani. Mkwezi anataka pesa nyingi kuukata, na vuli ndiyo kwanza imechanganya. Nimeangalia hali ya hewa ya Tanga mara tatu tangu magharibi. Kesho inaonyesha upepo.