Kumtunza kuku anayeatamia katika joto la Mombasa

Hapa Mombasa mayai yaliyo chini ya kuku hayaharibiki kwa baridi. Yanaharibika kwa joto, kwa uchafu, na kwa kuku kukimbia kiota akiwashwa na wadudu. Ushauri wa kuziba upepo, kujaza nyasi na kumfungia kuku gizani unafaa sehemu za bara zenye baridi. Ukiufuata Kisauni mwezi wa Februari, vifaranga watafia ndani ya mayai kabla ya wiki ya pili. Huu hapa ni utaratibu ninaoutumia mimi uani, kwa kuku wa kienyeji wa kawaida.

Si kila kuku huatamia. Wale wa kienyeji walioboreshwa, wanaosifiwa kwa kutaga sana, wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili waendelee kutaga, kwa hivyo usiwasubirie. Kuku wa kuchi huatamia vizuri na hulinda kiota kwa ukali, lakini ni mzito na miguu yake ni mirefu, na yai lenye ganda jembamba halihimili. Huyo mimi humpa mayai machache yenye ganda gumu.

Kuku aliye tayari utamjua usiku. Wenzake wakipanda kwenye kijiti kulala, yeye anabaki kwenye kiota. Ukimkaribia anajitutumua manyoya, anatoa sauti ya kukoroma na kudonoa mkono. Chini ya kifua ngozi ina joto na manyoya yamepungua. Dalili hizi zikionekana siku moja tu hazitoshi. Mimi humwachia mayai mawili au matatu ya zamani, yenye alama, kwa usiku 3 mfululizo. Akiyakalia bila kuhama ndipo hustahili mayai mazuri.

Wakati huo mayai ya kuangua yanakusanywa, na hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Mayai yatoke kwa kuku wako mwenyewe au wa jirani ambaye ana jogoo. Jogoo mmoja kwa majike wasiozidi 10. Usinunue mayai ya sokoni kwa kazi hii hata kama ni ya kienyeji. Hujui yana siku ngapi, yamekaa juani kwa saa ngapi, wala yametikisika vipi ndani ya matatu. Yai lenye mbegu huanza kujijenga polepole joto likipita nyuzi 21 hivi, na nyumba zetu ziko juu ya hapo mchana na usiku. Mimba ikianza hivyo kwa joto lisilotosha hudhoofika na kufa. Kwa hiyo mwisho wangu ni siku 7, na wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ni siku 5. Nayahifadhi kwenye chungu cha udongo chenye mchanga mbichi kidogo chini na kitambaa kikavu juu yake, kwenye sakafu ya chumba chenye kivuli, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Friji usiitumie. Ni baridi mno, na yai likitolewa linatoa jasho, na unyevu huo unapitisha vijidudu kwenye vitundu vya ganda.

Yai usilioshe. Lina utando unaolikinga, na maji yanauondoa. Lenye uchafu mdogo lipanguse kwa kitambaa kikavu, lenye uchafu mwingi likaangwe. Gonganisha mayai mawili polepole sikioni: lenye ufa hulia kama kigae.

Kiota mimi hutengeneza cha kasha la mbao la sentimita 35 kwa 35, ukingo wa sentimita 12 kwenda juu. Ukingo ukiwa mrefu zaidi, kuku huruka kutua ndani na kuvunja mayai badala ya kuingia kwa hatua. Mtungi wa plastiki uliokatwa ubavu haunifai, kwani haupitishi unyevu na mayai huteleza kwenda pembeni. Chini weka mchanga wa sentimita 5, wa shambani au wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Juu ya mchanga weka nyasi kavu au nyuzi za makumbi ya nazi zilizokatwa ziwe fupi kama kidole. Zikiwa ndefu humfunga kifaranga miguu. Finyanga katikati iwe na shimo dogo kama bakuli la kina kifupi. Kiota bapa hutawanya mayai, na chenye shimo la kina huyarundika hadi yanapandana.

Kasha linasimama juu ya miguu 4 yenye urefu wa shubiri moja, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye tone la oili chafu. Kazi ya makopo ni kuzuia sisimizi na siafu. Yai likishatobolewa na kifaranga, harufu huwaita, na wanaweza kumla akiwa bado ndani ya ganda. Maji hayo yakaguliwe kila siku mbili, maana yanakauka haraka. Kuzunguka kasha weka wavu wa nusu inchi kwa ajili ya panya na kicheche. Nafasi iwe ya kutosha kuku kutoka, kula na kuoga vumbi bila wenzake kuingia. Kuku mwingine akipata njia atataga humo humo, na utaishia na mayai ya umri tofauti ambayo hayawezi kuanguliwa pamoja.

Paa la makuti ni bora kuliko bati. Kama una bati tu, tandika makuti juu yake, au hamishia kasha chini ya mwembe au kwenye baraza la nyuma. Mayai chini ya kuku huwa na joto la karibu nyuzi 38, na yakikaa juu ya nyuzi 40 kwa saa kadhaa kifaranga hufa. Banda la bati lililofungwa hufika huko saa 8 mchana. Upande ulio wazi uupatie upepo lakini usitazame mvua: kuanzia Aprili kusi huleta mvua kutoka kusini mashariki, kwa hiyo upande huo uzibwe.

Kabla ya kumpa mayai, msafishe kuku. Viroboto wa kuku hushikamana usoni, kwenye upanga na kuzunguka macho, kama punje nyeusi. Wapake mafuta mazito ya kujipaka, bila kuyagusisha jichoni, wakose pumzi na kuachia. Chawa hukaa chini ya mabawa na karibu na mkundu. Utitiri na papasi ni wabaya zaidi, kwa sababu mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na usiku humfyonza kuku damu. Mimi hupaka kasha chokaa siku mbili kabla, ndani na nje, kisha humnyunyizia kuku dawa ya unga ya agroveti iliyoandikwa kuwa ni ya kuku. Narudia siku ya 10 ya kuatamia. Baada ya siku ya 17 situmii tena dawa, kwa sababu vifaranga wako njiani. Majani makavu ya mwarobaini chini ya nyasi husaidia, ila hayatoshi peke yake. Kuku akiacha mayai usiku, kabla ya kumlaumu angalia kasha kwa tochi. Mara nyingi utaona utitiri ukitembea juu ya mayai.

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) awe amepata angalau wiki 2 kabla. Akishaanza kuatamia, usimchanje.

Mayai yawekwe usiku, yote kwa mara moja, kila moja na alama ya penseli. Kalamu ya wino hupenya ganda. Kuku mdogo wa kienyeji hutosha mayai 9, mkubwa 11 au 12. Kipimo cha kweli ni kumtazama kwa mbele na kwa nyuma akishakaa: ukiona yai pembeni, punguza. Yai lile la nje halibaki lile lile, kwani kuku huyazungusha kila siku, na kila yai litapata zamu yake ya kukosa joto. Hesabu ni rahisi. Ukiweka Alhamisi usiku, tarajia vifaranga Alhamisi ya wiki ya 3, siku 21.

Kila siku humtoa saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya jua kukaza. Anakula, anakunywa, anaoga vumbi, anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali, ambacho ni cha kawaida kwa kuku anayeatamia, kisha anarudi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, na kwa joto letu hata 30 hazina madhara. Wengine hawataki kutoka kabisa. Huyo muinue kwa mikono miwili, ukikagua kwanza kama kuna yai chini ya bawa, na umweke mbele ya chakula. Ukimwacha, atajisaidia kwenye kiota au atakonda hadi aache mayai.

Chakula ni konzi moja ya mahindi makavu au mtama. Nafaka kavu hufanya kinyesi kiwe kigumu, na kiota kinabaki safi. Machicha ya nazi na ukoko wa wali wape kuku wengine. Machicha huchacha kabla ya adhuhuri, na kuku anayeatamia akiharisha, mayai yote yanachafuka. Chombo cha chakula kisikae ndani ya kiota. Maji yakae kivulini, yabadilishwe asubuhi na alasiri, na wakati wa kaskazi huongeza chombo cha pili anachoweza kukifikia akiwa ameketi. Mchana akihema mdomo wazi na kutandaza mabawa, joto limezidi. Ongeza kivuli, na mwagia maji ardhi inayozunguka kasha. Mayai yenyewe usiyamwagie, kwani hewa yetu ina unyevu wa kutosha.

Vumbi la kuogea ni karai la mchanga mkavu uliochanganywa na jivu la seredani, nusu kwa nusu. Jivu liwe limepoa kabisa na halina vipande vya makaa.

Siku ya 7 usiku napima mayai. Toboa kadibodi tundu dogo kuliko yai, weka tochi ya simu chini, na yai juu yake upande mnene. Lenye uhai lina doa jeusi na mishipa kama miguu ya buibui. Jeupe tupu halina mbegu. Lenye pete nyekundu limekufa. Yale mawili ya mwisho yatoe. Rudia siku ya 14: zuri limekuwa jeusi isipokuwa kifuko cha hewa, na viza limejaa maji yanayochezacheza. Viza likipasuka kiotani, badilisha nyasi saa hiyo hiyo na upanguse mayai yaliyobaki kwa kitambaa kikavu, la sivyo uozo utaingia kwenye mengine.

Kuanzia siku ya 18 mkono wako uondoke. Kuku hatatoka sana, mwache. Siku ya 20 utasikia vilio ndani ya mayai naye akiwajibu. Kutoka tundu la kwanza hadi kifaranga kutoka huchukua saa 12 hadi 24, na muda huo anavuta damu ya mishipa na kiini ndani ya tumbo. Ukimbandulia ganda utamtoa damu, na kitovu kitabaki wazi. Hawahitaji chakula kwa siku 2, kiini hicho kinawatosha. Kinachohitajika ni mama akae hadi wa mwisho atoke. Jioni ya siku ya 23 mayai yaliyobaki yafukie.

Kama una kuku wawili, waanzishe siku moja. Usiku wa kuangua, mpe mmoja vifaranga wote, wasizidi 15, na mwingine atarudi kutaga mapema.

Vifaranga wakishakauka wahamishie chini, kwenye kizimba chenye wavu hadi juu. Kunguru wa mji huu hawahitaji zaidi ya dakika moja uani, na wavu huo ubaki wiki 4. Maji wape kwenye kisahani chenye kokoto ili wasizame. Nyasi za kiota zichome, mchanga umwage mbali na banda, na kasha lipakwe chokaa tena kabla ya kuwekwa ghalani.